Kabla Ezra Hajapanda Mimbarani: Dominika ya Neno la Mungu na Mikopo ya "Kausha Damu"

Dominika ya Tatu ya Kipindi cha Kawaida cha Mwaka, tarehe 25 Januari 2026, Mama Kanisa anaadhimisha kwa mara ya saba Dominika ya Neno la Mungu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko ndiye aliyeiweka, kwa barua yake "Aperuit illis" ya tarehe 30 Septemba 2019, siku ya kumbukumbu ya Mtakatifu Yeronimo, yule padre na mwalimu aliyefundisha kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Katika parokia na vigango vyetu Kitabu Kitakatifu kitabebwa kwa maandamano, kitafukizwa ubani, kitawekwa mahali pa heshima. Vigelegele vitapigwa. Haya yote ni mema, wala hatuna nia ya kuyapunguza.

Swali letu ni la Jumatatu inayofuata. Kitabu kikisharudishwa mahali pake, kitasema nini juu ya fedha tunazokopeshana, magunia tunayopimiana, na korosho tunazonunuliana zikiwa bado mtini? Tunaliuliza tukiwa na Maneromango akilini. Pale, katika tarafa ile ya Wilaya ya Kisarawe, maisha ni muhogo, korosho, nazi na mkaa, na mtu anayehitaji fedha kabla ya mavuno hana milango mingi ya kubisha.

Nchi hii ya Wazaramo haikulipata Neno jana. Wamisionari Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, na tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni yao ilishambuliwa na watawa watatu wakauawa. Katika miaka ya 1890 wamisionari Walutheri kutoka Berlin walianzisha vituo vyao Kisarawe na Maneromango, na hadi leo ukitaja Ukristo Maneromango, wengi hufikiria kwanza usharika wa Kilutheri. Sisi Wakatoliki wa eneo hilo ni wachache, na sote Wakristo kwa pamoja tunaishi katikati ya majirani Waislamu ambao ni ndugu zetu wa damu, wajomba na shangazi zetu.

Kwa hiyo ni jambo jema kwamba Dominika ya Neno la Mungu huangukia ndani au karibu na Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, ambalo mwaka huu linahitimishwa siku hiyo hiyo ya tarehe 25. Maandiko katika Kiswahili ni kazi ya mikono mingi. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana Zanzibar alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya, lililotoka mwaka 1883, yeye akiwa ameshafariki. Biblia nzima ikafuata mwaka 1891. Mlutheri Karl Roehl alitoa Biblia yake mwaka 1937, akisaidiwa na Waafrika akina Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, ambao majina yao hayatajwi inavyostahili. Kisha ikaja tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo imo katika nyumba nyingi za Wakristo wa madhehebu yote, na baadaye Biblia Habari Njema, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ikiwa na toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati "Dei Verbum" ya tarehe 18 Novemba 1965, ulitaka njia ya kuyafikia Maandiko iwe wazi kwa waamini wote, na ukaruhusu tafsiri zifanywe kwa kushirikiana na ndugu zetu waliotengana nasi. Miaka sitini imepita. Yupo bado mzee wa Kikatoliki anayesema Biblia ni ya Walutheri na rozari ni ya kwetu. Tunampenda mzee huyo, lakini amekosea.

Tatizo la leo si uhaba wa Biblia. Imo katika simu ya kijana wa bodaboda anayetoka Kisarawe kwenda Maneromango, na huenda nyuma ya pikipiki yake pameandikwa "Zaburi 91". Hatumcheki, barabara ina hatari zake na mtu ana haki ya kumwomba Mungu ulinzi. Ila tukumbuke ni nani mwingine aliyeitumia Zaburi hiyo. Katika sura ya nne ya Injili ya Mathayo, aya chache tu kabla ya Injili ya Dominika hii, Ibilisi anamwendea Yesu jangwani, anampandisha juu ya kinara cha Hekalu na kumnukulia Zaburi ya 91, palepale panapoahidi malaika watakaomchukua mikononi mwao. Alinukuu vizuri. Kosa lake lilikuwa kuikata ahadi na kuitenga na utii, akaigeuza kuwa kamari ya kumjaribu Mungu. Yesu alimjibu kwa andiko jingine kutoka Kumbukumbu la Torati. Andiko lilipimwa kwa andiko, na ndivyo Kanisa linavyosoma hata sasa.

Afrika Mashariki imeona kinachotokea Neno likikatwa vipande na kukabidhiwa mtu mmoja asiyeulizwa swali. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Aprili 2023 nchi jirani ya Kenya ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Ni waumini wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na mashauri juu ya wanaotuhumiwa yamefikishwa mahakamani. Waliokufa kule hawakulidharau Neno la Mungu. Wengi wao walilipenda, lakini hawakuwa na mahali pa kuuliza maana yake. Somo la pili la Dominika hii, kutoka Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, linagusa donda hili: Mtume Paulo anawakemea waamini waliogawanyika, mmoja akijinasibu kuwa wa Paulo, mwingine wa Apolo, mwingine wa Kefa. Majina ya leo ni mengine, yamebandikwa kwenye mabango ya barabarani na vipaza sauti vyake ni vikubwa zaidi.

Lakini ni rahisi mno kwa Mkatoliki kuwanyooshea kidole watu wa upako na kurudi nyumbani akiwa na amani. Ipo namna nyingine ya kulikata Neno, nayo ni ya kwetu. Tunalisikiliza lote Dominika, kwa mpangilio mzuri wa masomo wa miaka mitatu, kisha tunaliacha kanisani. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Watanzania wote wanalijua jina "kausha damu". Ni mkopo mdogo wa haraka, usio na maswali mengi wakati wa kuutoa, wenye marejesho ya kila siku au kila wiki na riba inayomla mkopaji hadi mfupa. Wakopaji wengi ni wanawake: mama anayeuza maandazi, mama aliyefiwa, mama mwenye mtoto anayehitaji sare na madaftari mwezi huu wa Januari. Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili wakopeshaji wawe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya simu bila idhini. Malalamiko juu ya programu za namna hiyo yanafahamika: mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa ndugu, kwa bosi, kwa kila jina lililomo katika simu yake. Asiye na simu janja hupatwa na udhalilishaji wa zamani. Wanakuja nyumbani. Wanaingia ndani. Godoro linatolewa, redio inatolewa, cherehani inatolewa, majirani wakitazama.

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Sheria ya Mungu inamwambia mkopeshaji kwamba akimkopesha jirani yake, asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje. Mkopaji mwenyewe ndiye atakayeingia na kuitoa. Tuisome polepole aya hiyo ya 10 na ya 11, kwa sababu haizungumzii riba wala kiasi cha deni. Inazungumzia mlango. Maskini anaweza kuwa na deni, lakini mlango wake ni mlango, na heshima yake haiwezi kuwekwa rehani. Juu kidogo, katika aya ya 6, sheria inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, maana kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Cherehani ya fundi ni jiwe la kusagia. Baiskeli ya mchuuzi wa muhogo ni jiwe la kusagia. Na kama mkopaji ni maskini aliyeweka rehani vazi lake, lirudishwe kabla ya jua kuzama, apate kulala nalo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Mungu anasema kwamba maskini huyo akimlilia, Yeye atasikia.

Hatujui kama kuna sheria ya mikopo iliyowahi kuandikwa kwa huruma namna hii, na aliyeitoa hakuwa mwanauchumi. Ni Mungu yule yule tunayemwendea Komunyo.

Wala uonevu hauishii katika mikopo. Nabii Amosi, sura ya nane, anawaeleza wafanyabiashara wanaoona sikukuu ya Bwana inachelewa kwisha, kwa kuwa wana hamu ya kufungua maghala, wapunguze kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la mizani. Mkulima wa Kisarawe hahitaji padre wa kumfafanulia andiko hilo. Anaijua lumbesa, lile gunia lililopandishwa kichwa kwa wavu au kwa kushonewa, ambalo mnunuzi analilipa kama gunia moja, ingawa Wakala wa Vipimo umelipiga vita kwa miaka mingi. Anaijua kangomba: mnunuzi anayemjia mwenye mkorosho miezi ya njaa, korosho zikiwa bado maua, na kumpa fedha kidogo ili mavuno yote yapimwe baadaye kwa chombo cha mnunuzi mwenyewe. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi wahakiki mashamba ya wauzaji ili kumtambua mwenye kangomba. Tatizo hilo lilivuma zaidi Mtwara na Lindi, lakini mkorosho wa Pwani nao una miezi yake ya njaa.

Swali gumu ni hili: mkopeshaji wa kausha damu na mnunuzi wa kangomba husali wapi? Wengine hawasali popote. Wengine, tukubali tu, wanasali nasi. Pengine ni mjumbe wa kamati. Pengine ndiye aliyetoa mchango mkubwa wa mabati. Anaposomwa Amosi hutikisa kichwa kwa masikitiko, akimfikiria mtu mwingine. Na pengine mkopeshaji ni kikundi chetu wenyewe, kile kilichoanza kama kikoba cha akina mama wa jumuiya kwa nia ya kusaidiana, kikaishia kumnyang'anya mwenzao masufuria. Hatuandiki haya ili kumtafuta mtu. Tunayaandika kwa sababu Neno la Mungu lilipotolewa halikuwalenga wapagani. Amosi alihubiri kwenye hekalu la Betheli, kwa watu wenye kuimba vizuri.

Tukio la Biblia linalotajwa sana katika Dominika hii ni lile la sura ya nane ya kitabu cha Nehemia, na hayati Baba Mtakatifu Fransisko alilitumia katika barua yake. Ezra kuhani anapanda juu ya mimbara ya mbao, anasoma Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri, Walawi wanafafanua, watu wanaelewa, wanalia, kisha wanaambiwa waende wakale na kumpelekea sehemu yake asiye na kitu. Ni picha nzuri ya Liturujia ya Neno. Lakini mara chache tunasoma sura ya tano ya kitabu hicho hicho. Humo watu wanamlilia Nehemia wakati wa njaa: wameweka rehani mashamba yao, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, binti zao wamekwisha kuwa watumwa. Na waliowakopesha si Waajemi, ni Wayahudi wenzao. Nehemia anakasirika, anaitisha mkutano, anawakabili wakuu na mashehe wa watu, na hasemi wasubiri hadi mwaka ujao. Anataka mashamba yarudishwe siku hiyo, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka waliyokuwa wakiitoza. Nao wakarudisha. Akawaita makuhani, akawaapisha.

Katika mpangilio wa kitabu, sura ya tano inatangulia sura ya nane. Kabla Ezra hajapanda mimbarani, mashamba yalikuwa yamerudi kwa wenyewe. Sisi kwa kawaida tunaanza na mimbara, tena tunaipamba, na mashamba hatuyafikii kabisa. Labda ndiyo sababu watu wa Yerusalemu walilia waliposikia Torati ikisomwa, na sisi tunatazama saa.

Mahali pa kuanzia tunapo. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa katika Afrika Mashariki lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na kusoma Injili pamoja kila juma ndiyo roho ya jumuiya. Tusifiche kwamba jumuiya nyingi zimechoka. Masomo yanasomwa haraka, tafakari ni sentensi mbili za mwenyekiti, kisha nusu saa ya michango: mchango wa mavuno, wa jubilei, wa gari la paroko. Mama mwenye deni la kausha damu anaketi pale pale kwenye mkeka, ananyamaza, kwa sababu anaona michango tu ndiyo inayoitwa mambo ya jumuiya. Akiacha kuja, tunasema amelegea katika imani.

Tunapendekeza jambo moja la kufanyika. Jumatano ya Majivu mwaka huu ni tarehe 18 Februari. Kati ya Dominika ya Neno la Mungu na siku hiyo kuna zaidi kidogo ya majuma matatu. Jumuiya zetu, pamoja na masomo ya Dominika, zisome Kumbukumbu la Torati 24, aya ya 6 na kuanzia ya 10 hadi ya 15, kisha Nehemia sura ya 5, yote, bila kuruka. Asome anayejua kusoma vizuri, hata kama ni mtoto wa darasa la sita; wazee wasioona maandishi wasikilize, ndivyo Neno lilivyopokelewa kwa karne nyingi. Katekista asifafanue kwanza. Ziachwe dakika chache za kimya. Kisha waulizwe waliopo: katika kitongoji chetu, jiwe la kusagia la nani limechukuliwa, na liko nyumbani kwa nani? Likiwa kwa mmoja wetu, lirudishwe. Likiwa kwa mkopeshaji asiye na leseni, jumuiya imsindikize mkopaji kwa viongozi wa kijiji na ofisi inayohusika, asiende peke yake. Na vikoba vyetu vifungue katiba zao na kukisoma upya kifungu cha rehani, sura hiyo ya 24 ikiwa wazi kando yake.

Kuna atakayesema kwamba mkopeshaji naye ana haki ya kulipwa. Ndiyo. Torati haikufuta deni la mtu yule aliyesimama nje ya mlango. Ilimzuia tu asiingie. Kutofautisha hayo mawili ni kazi ya kikao, na kikao hicho kitakuwa na maneno. Afadhali maneno hayo kuliko ukimya wa sasa.

Mwaka huu Kwaresima na mfungo wa Ramadhani vinatazamiwa kuanza katika juma moja. Pale Maneromango, Mkristo na Mwislamu wa nyumba jirani, pengine wa ukoo mmoja, watafunga pamoja, na majirani zetu Waislamu wanajua vema tangu utoto kwamba dini yao imeharimisha riba. Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, tarehe 20 Februari, somo letu la Misa litatoka Isaya sura ya 58, ambapo Mungu anaukataa mfungo wa watu wanaowabana vibarua wao siku ile ile wanayofunga, na kueleza mfungo anaoutaka, wa kufungua vifungo vya uonevu. Wakati huo misikiti nayo itakuwa imejaa kwa swala ya Ijumaa. Jumuiya itakayokuwa imeshasoma Nehemia kufikia siku hiyo itakuwa na jambo la kuzungumza na jirani aliyetoka msikitini, na godoro la kumrudishia mama wa nyumba ya tatu, awe Mkristo au Mwislamu, kabla ya jua kuzama.